Vitamini D: jua la Nairobi lipo, lakini wengi wetu halitufikii

Dadangu uliyeuliza inakuwaje mtu akae Nairobi, karibu kabisa na ikweta, kisha kipimo chake cha vitamini D kitoke 11: changu kilitoka chini ya hapo. Nilikwenda hospitali kwa maumivu ya nyonga na mapaja, na ngazi za nyumbani zilikuwa zimeanza kunishinda. Madaktari wengi huhesabu chini ya nanogramu 20 kwa mililita ya damu kuwa upungufu, kwa hiyo usiipuuze 11 yako.

Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na mionzi ya jua iitwayo UVB, na mionzi hiyo haipiti kioo cha dirisha. Unaweza kushinda dirishani ofisini Upper Hill, bega linapata joto, na usipate kitu. Sisi wa mtaa wa Pipeline tunatoka alfajiri, tunarudi giza limeingia, na ghorofa zimebanana hivi kwamba nguo zenyewe hazikauki. Tena melanini, yaani rangi ya ngozi nyeusi, huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo tunahitaji kukaa nje muda mrefu kuliko mzungu. Julai nayo ni mawingu tu.

Linaloniuma zaidi ni la watoto. Tumezoea kuwaotesha jua la saa moja asubuhi, na saa hiyo UVB ni kidogo mno. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi cha maana. Huku kwetu hufupika kuanzia kama saa nne. Simaanishi umweke mtoto mchanga kwenye jua kali. Maziwa ya mama huwa na vitamini D kidogo, ndiyo maana watoto wanaonyonya hupendekezewa matone ya yuniti 400 kila siku, ulizia kliniki. Na matege, ambayo upungufu huu unaweza kuyaleta, yakiendelea baada ya miaka 2, au yakizidi, tafadhali usikubali kuambiwa "atanyooka tu". Mpeleke apimwe.

Sasa hizo kapsuli zako za vitamini D za yuniti 50,000. Kwa mtu mzima, kawaida ni moja kwa wiki, kwa wiki 8 hivi, kisha dozi ndogo ya kila siku. Kwa WIKI, dadangu. Kuna wanaozimeza kila siku, au wanaoendelea kununua mwaka mzima kwa sababu duka la dawa halikatai. Vitamini D ikizidi, hupandisha kalsiamu kwenye damu: kiu isiyoisha, kutapika, hata figo kuharibika. Zimeze pamoja na chakula chenye mafuta, maana huyeyuka kwenye mafuta.

Umeuliza pia kama mama yako azimeze na yeye, kwa kuwa magoti yanamuuma. Hapana, apimwe kwanza, kalsiamu na figo zikiwemo. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au dawa za kifafa kama fenitoini, hupangiwa dozi yake na daktari.

Chakula? Sadini, kiini cha yai na maini, kula, ila havitakutoa 11 peke yake. Mimi maumivu yalipungua polepole sana, nikaanza kudhani dawa haifanyi kazi. Usikate katikati, rudia kipimo baada ya miezi 3 hivi, na daktari aamue dozi ya kuendelea nayo.