Nimetubu, lakini pesa za chama bado ninazo

Ndugu wa Jinja, unauliza kama Mungu amekusamehe zile shilingi 500,000 ulizochota kwenye sanduku la chama, maana umetubu na usingizi bado hauji. Msamaha upo, soma 1 Yohana 1:9. Ila deni nalo lipo. Walawi 6:5 inataka urudishe zote na kuongeza sehemu ya tano, yaani 600,000, siku ileile ya kutoa sadaka ya hatia. (Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19:8, aliahidi kurudisha mara nne, ila hilo alijitolea mwenyewe.) Wengi hukosea hapa: hupeleka pesa kanisani badala ya kumlipa aliyeibiwa. Huna zote? Mwone mweka hazina wa chama mbele ya shahidi, mwandikiane awamu, udai risiti kila ukilipa. Kama kesi imeshafika polisi, tafuta wakili kabla hujaandika chochote.