Shairi juu ya picha ya Kijapani: limechapwa au limeandikwa kwa mkono?

Swali: Nimenunua picha ya Kijapani ya mwanamke aliyevaa kimono. Juu yake kuna kama wingu lenye shairi. Muuzaji anasema picha ilichapwa kwa mbao, ila shairi liliongezwa baadaye kwa brashi. Ni kweli? Herufi zinawezaje kuchongwa zisitoke kinyume?

Jibu: Igeuze kwanza. Picha hizi hazikupitishwa kwenye mashine. Karatasi iliyoloweshwa kidogo ilisuguliwa kwa nyuma na baren, kisugulio cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Ukiona alama za msuguo nyuma ya shairi, hilo limechapwa. Kisha weka taa pembeni, mwanga upite juu ya karatasi: herufi zilizochapwa huwa zimezama kidogo. Brashi haiachi shimo.

Kuhusu kinyume, mbinu ni rahisi mno. Mchoro pamoja na shairi ulichorwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mcheri. Mchongaji akafuata mistari inayoonekana kwa nyuma, akichimba pembeni ili mistari ibaki imeinuka na wino ukae juu yake. Ubaoni herufi ziko kinyume, kwenye karatasi zinakaa sawa. Nywele za paji la uso, nyembamba kama uzi wa buibui, aliachiwa fundi mkuu.

Wingu hilo ni desturi iliyopendwa na mchoraji Suzuki Harunobu, aliyeng'ara kuanzia 1765 picha za rangi nyingi zilipoanza. Mchezo wake uitwao *mitate* ni kumvika binti wa mjini Edo (Tokyo ya leo) maana ya shairi la karne nyingi nyuma. Chukua shairi la Ono no Komachi, mshairi mwanamke wa karne ya 9: rangi ya maua imefifia bure wakati akitazama mvua. Neno *furu* humo ni kunyesha na pia kupitiwa na miaka. *Nagame* ni kutazama ukiwa mawazoni, na pia mvua ya muda mrefu. Kwa hiyo msichana aliyesimama dirishani tu, bila hata tone moja la mvua kuchorwa, tayari anazeeka. Mimi hapo ndipo huwa nasimama muda mrefu kuliko kazi inavyoruhusu.

Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Buluu ya zamani iliyotokana na maua ya *tsuyukusa* huyeyuka kwa unyevu kidogo tu, na wekundu wa *beni*, rangi ya mmea pia, huliwa na jua. Itundike mbali na dirisha.