Maswali ya Wasomaji: Umekunywa Chai, Je, Umekula?

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, na mwanangu wa kwanza yuko darasa la nne katika shule iliyo upande wa mjini. Ili awahi namba, hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri baada ya kunywa chai ya rangi na maandazi mawili ninayonunua kwa jirani. Mwalimu wake ameniita mara mbili kunieleza kwamba ikifika saa nne mtoto anasinzia na hasikilizi tena. Nilitaka nimpe wali na maharage yaliyobaki usiku, lakini baba yake anasema kumlisha mtoto kiporo ni kumdhalilisha, na kwamba chai inatosha. Je, kifungua kinywa kina uzito kiasi hicho? Na nimpe nini mtoto asiye na hata dakika kumi za kukaa akala?
Mama wa Mbagala

JIBU: Mama, hapa Dar es Salaam mtu akikuuliza asubuhi kama umekunywa chai, anataka kujua kama umekula. Kile kinacholiwa tunakiita kitafunwa, yaani cha kusindikizia kikombe, na kwa mazoea hayo kikombe kimepewa heshima ya mlo mzima ilhali chakula chenyewe kimekaa pembeni. Mwanao anakunywa chai kila siku. Kula ndiko anakokukosa.

Usiku tukiwa tumelala mwili huendelea kutumia nguvu, na sehemu kubwa ya sukari inayouhudumia ubongo hutoka katika akiba ya ini. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni takriban gramu 100, na ubongo wake hutumia takriban gramu 120 za sukari kwa siku nzima. Mtoto ana ini dogo zaidi, huku ubongo wake ukichukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu za mwili kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo akiba yake humwishia mapema. Ikiwa alikula saa mbili usiku, anapoamshwa amekwisha kukaa saa nane au tisa bila kitu, na bado ana safari ya daladala, foleni na vipindi kadhaa kabla ya mapumziko.

Sasa lichane andazi moja ulitazame ndani. Utaona uwazi mkubwa uliozungukwa na ukuta mwembamba wa unga mweupe wa ngano, sukari kidogo, na mafuta yaliyonywewa kwenye karai. Linanoga, sibishi, na mimi mwenyewe silikatai likiwa la moto. Lakini unga uliokobolewa pamoja na chai yenye sukari humeng'enywa upesi, sukari ya damu hupanda kisha hushuka, na njaa hurudi mapema, kwa sababu ndani yake hamna protini wala nyuzinyuzi za kutosha kulichelewesha tumbo. Kuhusu sukari ya kwenye chai, majuzi niliketi kwenye kibanda cha mama lishe karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, nikamwona kijana akitia vijiko vinne katika glasi moja bila hata kukatisha mazungumzo. Kijiko cha chai hubeba takriban gramu 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kijana yule alikuwa amemaliza zaidi ya nusu ya kiasi hicho kabla jua halijapanda.

Kuhusu kiporo, mwambie baba kwa upole kwamba hapo hatukubaliani naye. Maharage ya jana yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi, vitu ambavyo andazi la leo halina kwa kiasi cha maana, na hakuna udhalili katika kumshibisha mtoto. Hata hivyo wali na maharage havifanani kwa usalama. Wali ulioachwa ndani ya sufuria usiku kucha katika joto la Dar es Salaam unaweza kuota bakteria wanaotoa sumu isiyokufa hata ukiupasha moto mpaka utoe moshi, na ule wa nazi huchacha haraka zaidi. Kama una friji, upoze na kuuingiza humo ndani ya saa mbili baada ya kupikwa. Kama huna, usiulaze. Maharage nayo ni bora yalale kwenye friji na yachemshwe vizuri asubuhi. Asiye na friji apike ya kuisha usiku uleule, kisha asubuhi atumie yai.

Yai moja lina takriban gramu 6 za protini na linachemka wakati mtoto anaoga. Likate, ulikunje ndani ya chapati pamoja na vipande vya nyanya, au paka maharage yaliyopondwa, umpe mkononi. Atakula akiwa njiani, na swali lako la dakika kumi litakuwa limejibiwa. Ongeza chungwa au kipande cha papai, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo akiinywa, iwe kama saa moja mbali na mlo, na isiwe ndiyo mlo.

Siku nyingine mpe uji wa ulezi. Ulezi una kalsiamu nyingi, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100 za unga, lakini uji mwepesi unaotiririka kama maji una unga kidogo mno, kwa hiyo upike mzito na uutie maziwa. Hapa niseme neno kuhusu unga wa lishe unaouzwa mitaani, ambao mtu husaga pamoja mahindi, mchele, ngano, soya, ulezi na karanga, akiamini kwamba mchanganyiko ukiwa mrefu na lishe huongezeka. Karanga zikishasagwa na kukaa kwenye ndoo wiki kadhaa, mafuta yake huharibika na unga ukaanza kunuka. Tena karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hushambuliwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Saga ulezi peke yake. Karanga zichague moja moja, utupe zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha uziponde siku hiyohiyo na kuzitia kwenye sufuria.

Jambo moja zaidi, kwa sababu sitaki chakula kibebe lawama isiyo yake. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na anayeamshwa kabla ya adhana ya alfajiri akiwa amelala saa nne usiku atasinzia hata akila ng'ombe mzima. Mlaze mapema. Ukiona hali haibadiliki baada ya wiki tatu hivi, mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu na minyoo.

SWALI: Nafanya kazi dukani Kariakoo. Kwa haraka za asubuhi sili kitu mpaka saa saba mchana, na sasa tumbo linaniuma kwa juu nikiwa na njaa, likitulia nikila. Mama yangu anasema nimejitakia vidonda vya tumbo kwa kushinda njaa. Ni kweli?
Muuzaji wa Kariakoo

JIBU: Mama amekosea chanzo, ila dalili ameisoma vizuri. Hadi miaka ya 1980 hata madaktari wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na asidi. Ndipo Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo wabeba mizigo na wauzaji wengi humeza kama karanga. Njaa haitoboi tumbo, lakini kidonda kilicho kwenye utumbo mdogo huuma zaidi tumbo likiwa tupu na hutulia likipata chakula, na ndiyo maana wazee walihitimisha walivyohitimisha. Nenda hospitali ukapimwe; bakteria huyo huondolewa kwa dawa, wala haondoki kwa chapati. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri kufunga duka. Wakati huohuo, pitia kwa mama lishe upate bakuli la supu na ndizi, na ile soda ya tumbo tupu uiache.

SWALI: Nataka kupungua. Je, nikiacha kula asubuhi nitafanikiwa?
Msomaji wa Kimara

JIBU: Kwa uzito peke yake, sitakudanganya kwamba kifungua kinywa kina miujiza. Mwaka 2019 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha mapitio ya majaribio 13, na hayakuthibitisha kwamba kula asubuhi humpunguza mtu uzito. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anayeruka mlo huo hadhuriki palepale, mradi saa nne asiangukie sambusa na soda. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi ni habari nyingine: asiache mlo wa asubuhi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa maana sukari inaweza kumshuka akiwa amesimama ndani ya basi, na abiria wenzake wakadhani amelewa.