Uliniuliza kama nilimaanisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningeishia kukupa pole tu. Umeniuliza hivi: "Baba, siku tunamzika mdogo wangu, mchungaji alisoma 'Bwana alitoa, na Bwana ametwaa', na wewe ukaitikia kwa sauti 'Jina la Bwana na libarikiwe'. Ulimaanisha, au ni kwa sababu watu walikuwa wanakutazama?" Ukasema unauliza kwa kuwa umepima na kuambiwa umebeba vinasaba vya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi uliomuua mdogo wako, na tangu hapo kanisani unakwenda lakini kuomba kumekuwa kugumu.

Nilimaanisha. Ila sikuwa namshukuru Mungu kwa kifo cha mwanangu. Sijawahi kumshukuru kwa hilo, na sitamshukuru. Nilikuwa namwambia kwamba uchungu ule sina mwingine wa kumpelekea. Petro aliulizwa na Yesu kama na yeye anataka kuondoka, akajibu, "Bwana, twende kwa nani?" Mimi nilikuwa nimefika hapo. Ningekuwa na pengine pa kwenda siku ile, pengine ningekwenda.

Shida ya mstari ule wa Ayubu ni kwamba misibani tunausoma halafu tunafunga kitabu. Huo ni mwisho wa sura ya kwanza. Ukifika sura ya tatu, Ayubu huyo huyo analaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na naamini hiyo ndiyo huduma bora waliyowahi kumpa. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu: lazima umekosa mahali, Mungu haonei mtu. Ayubu akakataa, akadai Mungu aje ajibu mwenyewe. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia nani? Hao hao waliomtetea. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ayubu aliyelalamika kurasa na kurasa! Mwanangu, sura hiyo ya 42 ndiyo iliyonibakisha kanisani.

Kuna jambo jingine humo. Ayubu alirudishiwa mali maradufu: kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini watoto, wa kiume saba na wa kike watatu, alipata idadi ile ile ya mwanzo. Wapo wanaosema ni kwa sababu wale wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea. Andiko lenyewe halielezi, lakini mimi nalisoma hivyo na nitaendelea kulisoma hivyo. Ndiyo maana mtu akiniuliza nina watoto wangapi, hesabu yangu haijabadilika.

Unakumbuka msiba ulivyokuwa pale Tabata. Turubai limefungwa barabarani, wanawake wamejaa ndani kwenye mikeka na mama yako, sisi wanaume nje kwenye viti vya plastiki. Kila aliyenishika mkono alikuwa na neno. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu kampenda zaidi." "Wewe ni mwanaume, jikaze." Watu hao walileta mchele, sukari, mkaa, wakatoa rambirambi ambazo wengine nilijua hawana, wakalala nje na mbu hadi tukaondoa matanga. Upendo wao ulikuwa wa kweli. Maneno ndiyo siyakubali. Mungu aliyempenda mtoto wa miaka tisa hakuhitaji kumtesa kwa maumivu ya mifupa ili ampate. Tangu wakati ule, nikienda msibani nasema pole, nakaa. Hilo nililipata kwa jirani yetu wa nyumba ya kona, Mwislamu, aliyekuja kila jioni baada ya swala, akaketi kiti cha pembeni yangu na hakunifundisha chochote.

Yalikuwepo maneno mabaya kuliko hayo, na sasa umekuwa mtu mzima uyajue. Yupo ndugu aliyesema ni laana ya ukoo. Yupo mhubiri mmoja tuliyepelekwa kwake kabla, akatuambia tuache dawa tuonyeshe imani. Hatukuacha, na baada ya mazishi tukasikia anasema imani yetu ilikuwa ndogo. Mama yako alibeba neno hilo muda mrefu. Usikubali mtu akubebeshe na wewe. Wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Mimi nilibeba nusu ya vinasaba hivyo, mama yako nusu, wala hatukujua. Wazazi wa namna yetu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Haihesabu dhambi za mtu.

Na madaktari watakwambia kwamba anayebeba nusu tu, kama wewe, hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo maana vinasaba hivyo vimeenea kwetu, kwenye nchi za mbu. Nimelitafakari hili kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Kitu kilichowaponya mababu zetu wakafikia kuzaa ndicho kilichomuua mdogo wako. Kwa nini ulimwengu uko hivyo, sijajibiwa. Nimeuliza nikiwa kitandani, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nimeshika kikombe cha meza ya Bwana. Naamini aliyenisikia yupo, na naamini hakuchukizwa na swali.

Umesema kuomba kumekuwa kugumu. Soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni kuwa sifa. Ile haigeuki, inaishia gizani, na bado iko ndani ya Biblia, na mwenye kuiomba bado anamwita Mungu. Kuna kipindi hiyo ndiyo sala pekee niliyoweza kuisema bila kudanganya. Uimbaji niliwaachia wengine. Kwaya iliimba na mimi nikasimama katikati yao nimefunga mdomo, na sikujiona nje ya kanisa.

Babu zako walitaka tumsafirishe tukamzike Tukuyu, na ulikuwepo waliponikasirikia nilipokataa. Nilitaka mama yako aweze kufika kaburini kwa nauli ya daladala. Lakini nilikuwa na sababu nyingine: alfajiri ya Pasaka. Wewe umekua ukiiona kama kawaida yetu Wamoravian, kukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza. Ilianzwa na vijana wa Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1732, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kwenye kanisa hilo hilo. Hawakuwa watu wasiojua misiba. Zinzendorf, kiongozi wao wa Herrnhut, na mkewe Erdmuthe walijaliwa watoto 12, wengi wao wakafa wadogo, na Christian Renatus, aliyekua hadi ujana, akafa London mwaka 1752 akiwa na miaka 24. Sisemi ili useme basi na sisi tuvumilie. Nasema kwa sababu nikiwa pale makaburini Kinondoni tulipomzika, viatu vimelowa umande, nikasema naamini ufufuo wa mwili huku namwangalia ninayemsemea, najua ni sala ya watu waliofiwa. Iliachwa na waliofiwa. Sehemu nyingine za imani yangu hutetereka, na zingine zimekwisha kabisa, ile haijaondoka. Mwanangu nitamwona. Na mpaka nimwone, nitaendelea kumlilia, na sioni kama moja linalifuta jingine.

Sasa kuhusu huyo kijana anayetaka kuleta posa. Mwambie akapime kabla wazee hawajakaa. Akikuta hana vinasaba hivyo, hamtapata mtoto mwenye selimundu. Akikuta anavyo kama wewe, mimi siwezi kuwakataza, lakini nendeni wote wawili mkazungumze na wataalamu, na mwende mkiwa mmeshikana, si kila mtu na hofu yake. Matibabu hayako kama wakati wetu. Dawa ya hidroksiurea ipo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wameanza kupandikiza uloto wa mifupa kwa watoto wenye selimundu. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilimshukuru Mungu kwa sauti, halafu nikatoka nje kulia, kwa kuwa kwetu imechelewa. Usiniulize lipi lilikuwa la imani. Yote mawili niliyafanya mbele zake.

Mama yako anakusalimu. Majibu ya kijana yakitoka nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako