Kuuza pilipili manga Ulaya: kabla hujakubali kontena

Mkuu, umesema una tani mbili za pilipili manga kutoka Amani, Muheza, na kuna Mjerumani anataka kontena zima. Unauliza uanze na vibali au utafute mkopo wa kununulia mzigo wa kujazia. Mimi naanza na mzigo, maana hapo ndipo nilipoungua.

Msimu wangu wa kwanza nilituma sampuli ya kilo moja. Ilitoka kwa mzee mmoja wa Zirai anayesubiri punje zianze kuwa nyekundu ndipo achume. Anazichovya kwenye maji ya moto kama dakika moja, kisha anaanika kwenye turubai juu ya chanja. Punje zake nyeusi tii, nzito. Mnunuzi akapenda, bei tukakubaliana. Sasa kontena la futi 20 linameza tani 13 hivi, na mzee alikuwa na kilo 300. Nikapanda boda, kijiji kwa kijiji, nikanunua kwa yeyote mwenye gunia.

Kule milimani wengi huchuma mapema kwa kuogopa wezi, na punje changa ikikauka inabaki kapi. Halafu ukungu na mvua za Amani unazijua. Jua likichungulia tu watu wanaanika kando ya barabara, kuku wanapita juu, jioni wanajaza gunia hata kama haijakauka. Yote hayo nikayachanganya na ya yule mzee. Mzigo ulipofika, maabara ikakuta salmonela, vijidudu vya kuharisha. Mnunuzi wa Ulaya hapo hana mjadala, kwenye gramu 25 haitakiwi kabisa. Aliupokea kwa sharti nilipie kuua vijidudu kwa mvuke, faida yote ikaishia humo. Wala hakufoka. Alinitumia picha moja tu, sampuli yangu upande huu na mzigo wangu upande ule.

Kwa hiyo mwambie Mjerumani ukweli kwamba una tani mbili. Anayetaka pilipili kweli atakubali mzigo mdogo wa majaribio, uchangie kontena na wengine (uliza wenzako wamepakia nini, harufu huhama). Mkopo uache kwanza.

Ukienda kununua, beba kipima unyevu, mizani na kopo la lita moja. Jaza kopo bila kushindilia, uzito ukiwa chini ya gramu 500 rudisha gunia. Unyevu usizidi asilimia 12, ukizidi ukungu utaota baharini, na humo ndimo inamotoka sumukuvu. Kikomo cha Ulaya kwa aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, kwenye pilipili manga ni mikrogramu 5 kwa kilo, jicho halioni hicho. Pima hapa nyumbani kabla ya kupakia, na sampuli ichotwe kwenye magunia mengi, usichague lile zuri kama nilivyofanya mimi.

Makaratasi hayana maajabu. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, nao hukagua mzigo wenyewe, kwa hiyo waite kabla hujafunga kontena. Cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, ni TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Ushuru wa mazao lipa halmashauri na risiti itembee na gari, la sivyo utalala getini. Mengine atakusaidia wakala wa forodha.

Malipo: chukua kianzio, na hati halisi za shehena zipitie benki, asizipate kabla hajalipa. Akikuomba wewe umtumie pesa ya "kusajiliwa", futa namba.

Aliyekushauri uchomekee na karafuu za Pemba anakutafutia kesi. Zile zina utaratibu wake chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na za kuvusha usiku kwa jahazi zinaitwa magendo.

Siku hizi nanunua mbichi iliyokomaa na kukausha mwenyewe. Kilo tatu zinatoa kama moja kavu, kazi ni nyingi, lakini najua kilichomo kwenye gunia. Hizo tani mbili zako umezikausha mwenyewe au umenunua kavu? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze bei.