Barua kwa mwanangu: wanga na saratani

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni kweli wanga wa chakula, ule wa wali, mkate na sukari, huwaletea wanawake saratani ya matiti, na kama uache wali na mkate. Usiache. Angalia tu ni wanga wa aina gani.

Habari hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa Mexico uliolinganisha wanawake 475 wenye saratani ya matiti na 1,391 wasio nayo. Waliokula wanga mwingi kabisa walionekana kuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya waliokula kidogo. Ila wagonjwa waliulizwa walichokuwa wakila zamani huku wameshaugua, na mgonjwa hukumbuka zaidi kile anachokishuku. Tafiti zilizowafuatilia wanawake miaka mingi kabla hawajaugua zimeona uhusiano hafifu, nyingine hazikuuona. Kwa saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, hapo ushahidi una uzito: mlo unaopandisha sana sukari ya damu huongeza hatari.

Kiini ni insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mkate mweupe na soda humeng'enywa upesi, sukari hupanda, kongosho hutoa insulini nyingi. Insulini ikibaki juu kwa miaka, huchochea seli kugawanyika na hupunguza protini ya damu inayoshika estrojeni, homoni ya kike inayoweza kuchochea saratani hizi, hivyo estrojeni huru huongezeka. Unene huzidisha mambo: hedhi ikishakoma, estrojeni nyingi hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili. Lakini wanaosema ukiacha sukari uvimbe utakufa njaa, wapuuze. Ini hutengeneza glukosi, yaani sukari ya damu, lenyewe, na mgonjwa anayejinyima hukonda wakati anapohitaji nguvu za matibabu.

Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000. Bora zaidi isizidi 25, kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 330 ina takriban 35. Asali na juisi, hata uliyokamua mwenyewe, zimo katika hesabu hiyo. Tunda zima halimo.

Mkate usiuchague kwa rangi; wa kahawia huweza kuwa mweupe uliotiwa rangi. Soma lebo, gawa gramu za wanga kwa 10; gramu za nyuzinyuzi, sehemu ya mmea isiyomeng'enywa na inayochelewesha sukari kupanda, zisipungue hapo. Wanga 45 na nyuzinyuzi 2: rudisha. Wanga 40 na nyuzinyuzi 7: chukua. Lengo ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Maharage na dengu hukufikisha haraka kuliko mkate wowote. Ongeza polepole kwa wiki mbili tatu na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi na choo kitakuwa kigumu.

Na kwa matiti hasa, pombe ina ushahidi mzito kuliko wali: hata glasi moja kwa siku huongeza hatari. Ukianza kupunguza, anzia hapo.

Mama yako