Fataki za mwaka mpya Moshi: zipigwe marufuku au?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nakaa Majengo hapa Moshi. Desemba watu wakirudi nyumbani toka Dar ni fataki tu, mkesha wa mwaka mpya moja ilidondokea kwenye kamba yetu ya nguo ikachoma kitenge cha bibi, mbwa akaruka ukuta tukampata kesho yake mchana. Kwani manispaa haiwezi kuzuia watu binafsi kulipua?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kitenge. Mi sio adui wa raha, na hata sasa polisi husema kila mwisho wa mwaka fataki ni mpaka kibali, ila nani anakiomba? Zinauzwa kama karanga. Na watu wanadharau vile vijiti vya kumeta wanavyopewa watoto, vile vinafika nyuzijoto 1,000 na zaidi, maji ya chai yanachemka kwa 100 tu, halafu unampa mtoto wa miaka minne kashika na gauni la nailoni! Nilishaona kidole cha jirani baada ya hapo, we acha tu. Mi naona wazuie za kuruka mitaani, nyumba zimebanana mno, halafu watenge uwanja mmoja, walipue wanaojua, saa sita usiku dakika kumi basi. Mbwa mfungie ndani mapema na redio juu. Kitenge mdai aliyelipua, unamjua.